Bolti ya kishikio cha injini inapolegea

Huko Flemingsberg, katika manispaa ya Huddinge kusini mwa Stockholm, gharama za gereji huwafanya wenye magari makuukuu washike spana wenyewe. Dalili hujulikana: mshindo gari linapoondoka, au mtetemo wa usukani gari likiwa limesimama na injini ikinguruma. Huenda bolti ya kishikio cha injini, ambacho mafundi wa Afrika Mashariki hukiita maunting, imelegea.

Wengi huikaza kwa nguvu zao zote, na hapo ndipo hasara huanza. Bolti hushika kwa sababu huvutika kidogo inapokazwa. Ikizidishiwa nguvu hukatika, au huharibu hesi, hasa penye aluminiamu. Bolti nyingine hukazwa mara moja tu, na zikifunguliwa hubadilishwa.

Kwanza injini hutegemezwa kwa jeki yenye kipande cha ubao juu yake. Gari lenyewe hukalia stendi za chuma, kwani jeki ikiteleza hakuna nafasi ya kujuta. Bolti hutolewa, hesi husafishwa, mpira wa kishikio hukaguliwa. Mpira uliopasuka utailegeza hata bolti mpya. Kisha hukazwa kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji wa gari.

Tangu Mei 2018, magari mengi madogo yaliyozidi miaka mitano nchini Sweden hukaguliwa kila miezi 14. Hiyo ni mingi mno kwa bolti iliyokwisha kulegea. Afadhali kuichora mstari wa rangi kichwani. Mstari ukihama baada ya safari chache, gari lipelekwe kwa fundi.