Sufuria ya Presha: Zawadi Inayoogopwa

Sikukuu ya Idd au ya Krismasi inapowadia, nyumba nyingi za mwambao na za miji ya bara hupokea wageni wenye mizigo. Ndugu anayefanya kazi Maskati au Dubai hurejea na sanduku. Binti aliyeolewa mjini huja kumwamkia mama yake naye ana sanduku. Ndani yake aghalabu hukutwa chombo cha jikoni: mashine ya kusagia matunda, birika la umeme, kikaango kisichogandisha chakula, ama ile sufuria nzito yenye kifuniko cha kukaza ambayo wauzaji huiita presha kuka. Vyombo vitatu vya kwanza huanza kazi siku iyo hiyo. Sufuria ya presha hushukuriwa, huonyeshwa majirani, kisha hupandishwa juu ya kabati la nguo, na huko hukaa miaka.

“Mwanangu, ahsante sana, lakini bomu lako hilo usiniwashie jikoni,” ndivyo asemavyo mama mwenye nyumba, na wakwe zake humwunga mkono. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Wako watu waliounguzwa uso na mikono na sufuria za namna hii, na habari za kifuniko kilichoruka hadi darini si hadithi tupu. Lakini chini ya kabati hilo hilo, makande hutokota juu ya mkaa kwa muda wa saa tatu, na gunia la mkaa halishuki bei. Basi yafaa kupima ni sehemu gani ya hofu hiyo yenye ukweli, na hatari yenyewe hukaa mahali gani katika chombo.

Mpishi hodari hujua kwamba maji yakisha kuchemka hayaongezeki moto. Mtu aweza kupuliza jiko hadi makaa yawe mekundu, lakini katika sufuria ya kawaida pale Dar es Salaam maji yatabaki kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Joto lote linaloongezwa hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke, nao mvuke hutoka nje ukalichukua. Upotevu huo ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kuipasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kwahitaji kilojuli 314 hivi. Kuigeuza lita hiyo hiyo iwe mvuke kwahitaji kilojuli 2,260 hivi, yaani mara saba. Anayechochea moto chini ya maharage yanayochemka tayari hayaivishi upesi zaidi. Anapasha hewa ya jikoni, kisha humlazimu kuongeza maji.

Wakazi wa nyanda za juu wana taabu zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi, na maji huchemka mapema. Mjini Mbeya, penye kimo cha takriban mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Maharage yale yale yaliyoiva pwani kwa saa mbili hukawia zaidi huko, na mgeni kutoka Tanga humlaumu mpishi bure.

Sufuria ya presha huuzuia mvuke usitoke. Mvuke ukijazana chini ya kifuniko, hukandamiza maji yasichemke, nayo halijoto huendelea kupanda. Nguvu hiyo inayokandamiza kila sehemu ya eneo ndiyo wanasayansi waiitayo kanieneo, na watu wa mjini wakaiita presha. Sufuria za kawaida zimetengenezwa zifikie kanieneo ya kilo moja hivi kwa kila sentimeta moja ya mraba, zaidi ya ile ya hewa ya nje. Hapo maji hufikia nyuzi 120 hivi pwani, na nyuzi 117 hivi kule Mbeya. Tofauti ya nyuzi 20 yaonekana ndogo, lakini mabadiliko ya kikemia aghalabu huongeza kasi mara mbili hivi kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Ndiyo maana maharage yaliyolowekwa usiku kucha huweza kuiva kwa dakika 15 tangu presha ifike, na pweza akalainika bila ya kupondwa.

Hapa pana jambo la kuwaonya wapishi wetu. Wengi hutia magadi ili maharage makuukuu yaive. Magadi kweli hulainisha ganda, lakini huharibu vitamini B1, na tena huishambulia aluminiamu, ambayo ndiyo madini ya sufuria nyingi za presha. Katika chombo hiki magadi hayahitajiwi kabisa.

Gramu sabini na kilo mia tatu themanini

Sasa na tuitazame hatari. Chukua sufuria yenye kifuniko cha upana wa sentimeta 22. Eneo lake ni sentimeta za mraba 380. Ikiwa kila sentimeta inasukumwa kwa nguvu ya kilo moja, basi kifuniko kizima chasukumwa kwa nguvu ya kilo 380, karibu na uzito wa magunia manne ya mahindi. Nguvu hiyo haionekani wala haisikiki. Mtu anayehangaika kukifungua kifuniko kwa nguvu, akidhani kimekwama tu, anashindana na magunia hayo, na balaa humpata pale anaposhinda.

Wala si kifuniko peke yake. Maji yenye nyuzi 120 hayawezi kubaki maji mara presha inapoondoka ghafula. Katika lita 3 za mchuzi, gramu 110 hivi hugeuka mvuke mara moja, nao hutaka nafasi ya zaidi ya lita 180, takriban pipa zima la mafuta. Mvuke huo hutoka pamoja na maharage, mchuzi na kila kilichomo. Majeraha mengi ya sufuria hizi husababishwa na mchuzi huo unaoruka, wala si na chuma.

Kinachoizuia nguvu yote hiyo ni kidude kidogo kinachokaa juu ya kijibomba katikati ya kifuniko, kile kinachocheza na kupiga mluzi. Tuseme tundu la kijibomba lina upana wa milimeta 3. Eneo lake ni dogo mno, kiasi kwamba mvuke wenye nguvu iliyotajwa husukuma pale kwa gramu 70 tu. Basi kizito cha gramu 70 chatosha kuliziba. Presha ikizidi kidogo, kizito huinuliwa, mvuke hutoka kwa mluzi, presha hushuka, nacho hukaa tena. Mluzi unaowatisha akina bibi ni sauti ya usalama. Sufuria ya kuogopwa ni ile iliyo juu ya moto mkali nayo ikanyamaza kimya.

Kutokana na hesabu hiyo mambo mawili hudhihirika. Kwanza, kizito hicho hakibadilishwi kwa kitu kingine. Mtoto akikipoteza, na mama akaweka mahali pake msumari uliofungwa waya au kizito cha sufuria nyingine, presha itakuwa vyovyote ilivyoamuliwa na kitu hicho: uzito maradufu, presha maradufu. Pili, tundu la milimeta 3 huzibwa na ganda moja la maharage. Maharage, dengu, uji na tambi hutoa povu, na povu hupandisha maganda. Kwa sababu hiyo vyakula vya namna hiyo visipite nusu ya sufuria, na vinginevyo visipite theluthi mbili. Kijiko cha mafuta ya kula hupunguza povu. Na kabla ya kila pishi kifuniko kiinuliwe kuelekea dirishani ili mpishi achungulie tunduni: asipoona mwanga, asipike.

Watengenezaji, wakijua kwamba watu husahau, huweka mlango wa pili wa dharura: kizibo cha mpira kinachochomoka, au cha madini laini kinachoyeyuka joto likizidi mno. Kizibo hicho kikichomoka, kazi yake kimefanya. Lakini wako mafundi wa mitaani wanaokiziba kwa risasi au kwa bolti “ili kisisumbue tena”, na sufuria iliyotengenezwa hivyo yapaswa kutupwa, hata kama ilitoka mbali.

Mfaransa na mifupa

Chombo hiki si kigeni kama kinavyodhaniwa. Denis Papin, Mfaransa mzaliwa wa mji wa Blois, alikionyesha mbele ya Royal Society ya London mwaka 1679. Alikusudia hasa kulainisha mifupa, ambayo maskini waliitupa, ili ipatikane supu. Mwaka 1682 mwandishi John Evelyn alihudhuria chakula cha jioni kilichopikwa humo, akaandika katika shajara yake kwamba mifupa migumu ya ng'ombe na kondoo ililainika kama jibini. Papin naye alikabiliwa na tatizo lile lile la mama wa pwani: chombo kingeweza kupasuka. Jibu lake lilikuwa tundu dogo lililozibwa kwa mtaimbo wenye uzito, na hiyo ikawa vali ya usalama, ambayo baadaye ilihitajiwa na kila mtambo wa mvuke duniani. Yeye mwenyewe alikufa maskini mjini London. Sufuria yenyewe ilikawia kuingia majumbani hadi karne ya 20.

Siku hizi zawadi ya sikukuu huenda ikawa sufuria ya presha ya umeme, ambayo hupima joto na presha yenyewe, hujizima na kujiwasha, na kifuniko chake hujifunga mpaka presha iishe. Nyingi zina uwezo wa wati 1,000 hivi, lakini kwa kuwa hazifuki mvuke ovyo, hazili umeme muda wote wa pishi. Tanzania ilipozindua mwaka 2024 mkakati wake wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kufikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, vyombo vya namna hii vilipata heshima mpya. Hata hivyo baadhi yavyo vina kitufe cha kupika polepole kwa joto la chini, na hicho kisitumiwe kwa maharage mekundu mabichi. Maharage hayo yana sumu iitwayo lektini, inayoletea watu kutapika na kuharisha, nayo huharibika pale yanapochemka barabara kwa dakika zisizopungua 10. Joto lisilofikia kuchemka huenda likayalainisha na sumu isiondoke.

Anayetaka kuishusha ya kwake kutoka kabatini aanzie kwenye mpira. Pete ya mpira inayozunguka ndani ya kifuniko huzeeka hata isipotumika. Katika joto la pwani hukauka, ikapasuka na kuwa ngumu kama plastiki. Ipindwe taratibu kwa vidole: ikionyesha nyufa, haifai. Ikiwa yapindika vizuri, na tundu ni wazi, sufuria itiwe vikombe viwili vya maji matupu na kuwekwa motoni, watoto wakiwa nje. Baada ya muda kizito kitaanza kucheza. Moto upunguzwe ili kicheze kidogo tu, kisha baada ya dakika tano uzimwe, na sufuria iachwe ipoe yenyewe. Kizito kikiinuliwa kidogo kwa uma nacho hakitoi sauti yoyote, kifuniko kitafunguka kwa mkono mmoja. Ikiwa mvuke ulikuwa ukivuja pembezoni, maharage yasubiri mpaka mpira mpya upatikane. Muuza vyombo atataka kujua jina lililochongwa chini ya sufuria na upana wa kifuniko, kwa hiyo ni heri kukichukua kifuniko chenyewe kwenda nacho sokoni.