Mali bila Daftari: Siku Moja Katika Maktaba ya Umma

Tuna jambo la kuwahadithia wasomaji wetu, na tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani uliopita tulikuwa tukipanga upya vitabu vya nyumbani. Binti yetu akatoa nyuma ya safu kitabu kimoja chenye jalada la buluu, akakifungua, akatuuliza: "Baba, hiki ni chetu?" Ndani ya jalada palikuwa na muhuri wa maktaba ya umma, na chini yake karatasi ya tarehe. Tarehe ya mwisho iliyopigwa ilikuwa imepitwa na miaka 19. Kilikuwa kitabu cha historia ya miji ya pwani. Tulikiazima ili kutayarisha darsa, kisha tukakiweka mahali pa salama, na usalama huo ndio uliotusahaulisha.

Hatukulala vyema usiku ule. Sisi ambao kila mwaka huwasomesha vijana mlango wa ariya katika fiqhi, yaani hukumu za kitu cha kuazima, tulikuwa tumekalia kitu cha watu kwa muda wa kutosha mtoto kuzaliwa na kumaliza shule ya upili.

Asubuhi yake, siku ya Jumamosi, tulifika maktaba kabla ya mlango kufunguliwa. Mkutubi aliyekuwa zamu alikuwa mwanafunzi wetu wa zamani wa chuoni. Tulimpa kitabu, tukamweleza habari yake. Hakucheka, wala hakutulaumu. Alikwenda nyuma ya meza, akavuta sanduku refu la mbao, akapitisha vidole juu ya kadi zilizozeeka, akachomoa moja.

"Hii hapa, maalim. Imekuwa ikikungoja."

Ilikuwa na jina letu, kwa mwandiko wetu. Akatufahamisha kwamba kila kitabu kina kadi yake. Kitabu kinapotoka, kadi hubaki. Kinaporudi, kadi hurejeshwa kwenye mfuko wake ndani ya jalada. Siku hizi maktaba nyingi hutumia kompyuta, na hata hapo vitabu vipya vimeingizwa humo, lakini kadi za madeni ya zamani hazikutupwa.

Tulimwuliza faini ni kiasi gani. "Faini tutaihesabu, maalim," akasema, "lakini kuna jambo jengine." Akafungua daftari ambamo huandika vitabu vinavyoulizwa na havipatikani. Kitabu chetu kilikuwa kimeulizwa mara 7. Aliyekuwa wa mwisho kukiuliza ni msichana wa kidato cha tatu. "Wote tuliwajibu kwamba kimeazimwa, hakijarudi."

Faini tuliilipa palepale. Lakini wale 7 waliorudi makwao mikono mitupu, tutawalipa nini? Kwa fikira hiyo tuliomba ruhusa ya kuketi siku nzima, tuione kazi ambayo tumeitumia tangu ujana wetu bila kuijua.

Kazi huanza kabla msomaji hajaingia. Madirisha hufunguliwa, vumbi hufutwa. Hapa kwetu pwani unyevu na hewa ya chumvi ni maadui wa karatasi, na kitabu kisichopigwa upepo huota ukungu, kisha hufuatwa na wadudu. Magazeti ya siku hupangwa mezani na ya jana hutiwa ghalani. Kisha mkutubi hupita mbele ya rafu, akisoma nambari zilizobandikwa migongoni mwa vitabu moja baada ya moja, kutafuta kilichorejeshwa pasipo mahali pake. Alituambia kwamba kitabu kilichowekwa rafu isiyo yake ni sawa na kilichoibwa, ila huyu mwizi hakutoka nje.

Nambari hizo zina maana, na ni vyema kila familia izijue. Utaratibu unaotumika katika maktaba nyingi duniani ulitungwa na Mmarekani aitwaye Melvil Dewey, akauchapisha mwaka 1876. Elimu zote amezigawa katika mafungu 10, kutoka 000 hadi 900. Atakaye vitabu vya Uislamu aende 297. Hesabu ni 510, utabibu ni 610, upishi ni 641.5 na malezi ya watoto ni 649. Lugha ya Kiswahili iko 496.392, na fasihi yake iko 896.392. Mama anayezijua nambari hizi hahitaji kumwuliza mtu. Huingia na kwenda moja kwa moja kwenye haja yake, na nambari alizozizoea hapa atazikuta katika maktaba nyingine nyingi.

Baada ya wasomaji kuingia, kazi huwa nyingi kwa wakati mmoja. Huyu anataka kujiandikisha uanachama, yule anarejesha, mwingine ameleta kitabu kilichochanika na anaona haya kukitoa mfukoni. Wakati huohuo kuna vitabu vipya vya kuingizwa: kila kimoja huandikwa katika daftari kuu na kupewa nambari, hupigwa muhuri, hutafutiwa fungu lake, kisha hubandikwa kibandiko. Kuna pia vya kuondolewa. Jambo hili lilitushangaza, maana sisi tulidhani kuondoa kitabu ni hasara. Lakini kitabu cha darasani cha mtaala uliokwisha kinamdhuru mwanafunzi anayekitegemea, na kinachukua nafasi ya kinachomfaa.

Saa nne ilikuwa zamu ya watoto. Mikeka ilitandikwa, nao wakakaa duara. Mkutubi akasoma hadithi kwa sauti, akisimama kila ukurasa kuwaonyesha picha na kuwauliza wanadhani nini kitafuata. Tulijua baadaye kwamba saa hiyo moja hutayarishwa wiki nzima. Kitabu huchaguliwa kwa umri, husomwa kabla, mikeka huazimwa, wazazi hukumbushwa. Jioni huandikwa wamekuja wangapi, ili ijulikane lipi la kuendeleza na lipi la kubadilisha.

Nyuma ya watoto aliketi mama mmoja, kidole chake kikifuata maandishi katika nakala ya pili ya kitabu kilekile. Hadithi ilipokwisha alikwenda mezani, akakiazima kwa jina la mwanawe. Mkutubi alikipiga muhuri, akamwambia kwa upole kwamba Jumamosi ijayo pia atamwekea nakala. Hakumwuliza lolote zaidi ya hilo. Tuliona pale kwamba shughuli ile ya watoto ina wanafunzi wasioandikwa katika hesabu, na kwamba adabu ya mkutubi ni sehemu ya kazi yake kama ulivyo muhuri.

Wazee wetu wa zamani waliufahamu uzito wa mambo haya ya kila siku. Katika mji wa Cairo, mwaka 395 Hijria, sawa na 1005 Miladia, mtawala wa Kifatimi al-Hakim alifungua Dar al-Ilm, nyumba ya elimu ambayo watu waliingia kusoma na kunakili, wakipewa karatasi, wino na kalamu. Hatuingii hapa katika habari za watawala wa zama zile. Tunalolitaka ni hesabu. Mwanahistoria al-Maqrizi ameihifadhi hesabu ya matumizi yake ya mwaka. Karatasi za kunakilia ziliwekewa dinari 90. Mtunza vitabu aliwekewa 48, mtumishi 15 na maji 12. Karatasi, wino na kalamu za wasomaji ziliwekewa 12. Kukarabati vitabu vilivyochanika kuliwekewa 12, mikeka 10, na kushona pazia dinari 1.

Ndugu msomaji, itazame ile dinari 1 ya pazia. Aliyeiandika alijua kwamba pazia litachanika, na likichanika jua litaingia, na jua likiingia msomaji atahama. Hakungoja lichanike ndipo apite kuchangisha.

Sisi tulifanya kinyume. Miaka kadhaa nyuma mtaani kwetu palianzishwa maktaba ndogo ya wakfu, nasi tulikuwa katika kamati yake. Watu walitoa kwa ukarimu. Wengine walileta vitabu kwa niaba ya wazazi wao waliotangulia mbele ya haki, fundi akatengeneza rafu bila ujira, akina mama wakachangia zulia. Siku ya ufunguzi palisomwa maulidi na watu wakala pilau. Hakuna aliyeuliza nani atafungua mlango siku ya pili. Kijana mmoja alijitolea kushika ufunguo, na kwa kuwa tuliiona kazi ile ni ya thawabu, tulimwachia thawabu peke yake. Alipopata kazi ya mshahara akaondoka, na ni haki yake. Ufunguo ukazunguka kwa watu. Vitabu vikaazimwa bila kuandikwa, kila mtu kwa nia njema. Haukutimia mwaka wa pili ila rafu zilikuwa nyeupe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na mali, tukakosa daftari, na zaidi ya daftari tukakosa mtu wa kuliandika.

Kwa miaka mingi tuliwalaumu watu wa mtaa kwamba hawapendi kusoma. Siku ile maktabani tuliiona lawama hiyo haina haki. Watu walisoma sana, hata vitabu vikaisha. Kilichokosekana ni yule wa kukaa mezani, na fungu la kumweka pale.

Pwani yetu si ngeni kwa maktaba. Maktaba ya Seif bin Salim, iliyofunguliwa Mombasa mwaka 1903, huhesabiwa kuwa maktaba ya kwanza ya umma katika nchi hii, miaka 62 kabla ya Bunge kupitisha mwaka 1965 sheria ya kuunda huduma ya maktaba ya taifa. Na katiba ya mwaka 2010 imezitaja maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Maana yake ni kwamba unapoitwa mkutano wa kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti, una haki ya kusimama na kuuliza: mwaka huu maktaba imewekewa nini? Na usiulize majengo tu. Uliza mishahara ya wakutubi, maji, umeme, vitabu vipya na gundi ya kukarabati vya zamani.

Kwa hivyo tuna maombi matatu kwa familia zetu.

La kwanza, wiki hii pekueni makabati ya nyumbani. Kila kitabu chenye muhuri wa maktaba, wa shule au wa msikiti kirudi kwa wenyewe, hata kama muda umekuwa mrefu na haya ni nyingi. Yaqut al-Hamawi, mwandishi mkubwa wa habari za miji, amesimulia kwamba alipokaa Merv nyumbani mwake hapakukosa vitabu 200 na zaidi vya maktaba za wakfu, vingi vyao bila rahani yoyote. Waliompa walimwamini tu. Nasi tuliaminiwa vilevile, na kila anayechelewa humfanya mkutubi amwamini kidogo zaidi yule ajaye baada yake.

La pili, wapelekeni watoto maktaba, na enyi akina mama ketini nao. Mkutubi huhesabu waliohudhuria, na hesabu hiyo ndiyo hoja yake anapoomba shughuli iendelee. Shughuli isiyo na watu hufungwa, hata ikiwa njema.

La tatu ni kwa wenye uwezo. Anayetaka kuweka wakfu wa vitabu, Mwenyezi Mungu amjazie kheri. Lakini wakati huohuo naaweke wakfu wa mtu: kodi ya duka moja, au chumba kimoja, imlipe atakayefungua mlango saa mbili na kuufunga saa kumi na moja. Jina la mtoaji halitaonekana juu ya rafu. Litakuwa katika kila siku ambayo mlango ule ulikutwa wazi.

Wiki mbili baadaye tulipita tena pale maktabani. Tulikwenda 900, mahali pa historia, kukitazama kitabu chetu cha buluu. Hatukukiona. Mkutubi akatabasamu, akasema kimetoka tangu Jumatatu. Hakututajia jina la aliyekichukua, wala hatukumwuliza, maana hiyo nayo ni amana. Alituonyesha tu tarehe iliyopigwa: siku 14.

Tunamwombea aliyekichukua akisome kwa manufaa, na akirejeshe mapema kuliko tulivyofanya sisi.