Vifaranga vya samaki vimekwenda wapi? Tuangalie midomo kwanza

Ndugu wanachama, habari hii mnaijua. Koperative inatia vifaranga vya kambale mu bwawa, vyote vinatoshana. Wiki chache baadaye wavu unavutwa: wamebaki wachache, na kati yao kuna wakubwa ajabu. Neno la kwanza ni moja: “Batu banatuiba!” Mlinzi anashukiwa, jirani hasalimiwi tena, na umoja wenyewe unaanza kupasuka. Wezi wapo, hatukatai. Lakini kabla ya kumtaja mtu, tuangalie midomo ya samaki.

Samaki mdogo hula kile kinachoingia mdomoni mwake, basi. Kifaranga cha kambale humaliza akiba ya yai lake kwa siku kama tatu. Hapo anatafuta wadudu wadogo wa majini, wale wanaorukaruka kama viroboto. Ukimtupia pumba nene ni kama kumpa mtoto mchanga bukari: pumba inaoza, maji yanaharibika, naye anakufa njaa katikati ya chakula.

Aliyebahatika kushiba anakua haraka kuliko wenzake. Mdomo unapanuka, naye anaanza kuwinda ndugu zake. Kwanza anawashika mkia. Akizidi kukua anawameza wazima. Kadiri anavyokula, ndivyo anavyowazidi. Mwizi wenu yumo ndani ya maji.

Kwa tilapia nako ukubwa unabadilisha chakula. Mwishoni mwa miaka ya 1940, wataalamu wa ufugaji samaki hapa Katanga, ambao kituo chao kilikuwa Kipopo karibu na Lubumbashi, walifuga aina mbili za kwetu. Oreochromis macrochir hula mimea midogo sana, ile inayofanya maji yawe ya kijani. Coptodon rendalli akishakua hula majani, lakini akiwa kifaranga naye hutegemea wadudu na mimea hiyo midogo. Kwa hiyo majani ya mihogo na matembele ni ya wakubwa. Wadogo wanahitaji maji yaliyotiwa samadi.

Basi tufanye hivi:

- Siku chache kabla ya kutia vifaranga, tieni samadi kidogo. Kisha choteni maji kwa glasi, mwangalie kwenye mwanga. Wadudu wakirukaruka, chakula kipo.
- Wakikosekana kabisa, subirini, mchunguze mfereji unatoka wapi. Kwetu kwenye migodi, shaba ikiingia majini huwaua wadudu hawa mapema kuliko samaki. Msitumie maji yanayotoka mahali wanapooshea mawe.
- Pumba za vifaranga zitwangwe na kuchungwa mpaka ziwe unga laini. Lisheni kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.
- Kila wiki moja au mbili, tenganisheni kambale kwa ukubwa. Beseni mbili na kipande cha chandarua vinatosha. Wakubwa wasirudi kwa wadogo.
- Hesabuni mbele ya wanachama, mwandike mu daftari.

Kazi ya kutenganisha inachosha, tunajua. Lakini asubuhi moja ndani ya matope ni nafuu kuliko miezi ya kununiana. Na kama mumetenganisha vizuri na hesabu bado inapungua, hapo sasa mutakuwa na haki ya kuuliza nani anapita bwawani usiku.