Uongozi wa Chuo Kikuu Penye Umbali: Mfano wa Singida

Katika Kiswahili cha mwambao, neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu. Kisha likatumika pia kwa mahali ambapo watoto hukaa kusoma Kurani. Maana ya kitabu imefifia katika usemi wa leo, na mtu akisikia chuo kikuu huwaza majengo, kama yale ya Mlimani, Dar es Salaam. Hata hivyo, maana ile ya kale yafaa sana kueleza shida za uongozi wa elimu ya juu katika mikoa iliyo mbali, na Singida ni mfano mwema.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria ya Bunge Na. 17 ya mwaka 1992, na wanafunzi wake wa kwanza walianza masomo mwaka 1994. Makamu wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, ambaye kabla ya hapo alikuwa amekiongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. (Ajabu ya vyeo vyetu ni kwamba aitwaye makamu ndiye abebaye mzigo wa kila siku, naye aitwaye mkuu huonekana zaidi siku ya mahafali.) Basi, mtu aliyezoea kuongoza chuo cha majengo alitakiwa kuongoza chuo cha vitabu: masomo yaliyoandikwa yampelekee mwanafunzi elimu huko aliko, na vituo vya mikoa, Singida kikiwamo, viwe mahali pa kujiandikisha, kukutana na walimu na kufanya mitihani.

Shabaha ilikuwa kumfikia mtu mwenye kazi na jamaa, asiyeweza kuhama: mwalimu wa Kiomboi, karani wa Itigi. Lakini kiongozi wa kituo hukabiliwa na jambo gumu. Mitaala na mitihani huamuliwa makao makuu, ilhali malalamiko humfikia yeye kwanza. Vivyo hivyo kwa tawi la Singida la Taasisi ya Uhasibu Tanzania, ambayo makao yake yako Dar es Salaam. Intaneti imepunguza safari za karatasi, ila haikuhamisha mamlaka.

Shida iliyo kubwa zaidi, nayo husemwa kwa nadra katika mabaraza ya viongozi, ni lugha. Singida husemwa Kinyaturu, Kinyiramba na Kiisanzu, na katika Mkalama wako wasemaji wa Kihadza, lugha isiyo na ndugu anayejulikana kwa hakika. Mtoto wa huko huanza na lugha ya nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa chuo cha majengo akikwama katika Kiingereza, mhadhiri hueleza tena kwa Kiswahili, hata kama kanuni hairuhusu. Asomaye peke yake usiku hana mhadhiri. Ana kitabu tu, nacho hakigeuzi lugha kwa kumwona msomaji amekunja uso.

Chukua mwanafunzi wa sheria. Kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 2021, Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza kimeachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Mwanafunzi huyo husoma shahada yake kwa Kiingereza, kisha akaenda kutetea watu kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyemfundisha kukitumia kwa kazi hiyo. Kosa la istilahi hapo si aibu ya darasani tu: dhamana na rehani zikichanganywa, mtu aweza kupoteza shamba.

Kiongozi aliye mkoani hawezi kubadili lugha ya mtihani. Hilo ni la Seneti. Lakini katika siku chache za kukutana ana kwa ana, aweza kumwalika hakimu au wakili wa mahali awaoneshe wanafunzi namna hati ya madai inavyoandikwa kwa Kiswahili, na aweza kuwakusanya wanafunzi waliotawanyika katika vikundi vya wilaya, wasome kitabu kimoja kwa lugha mbili. Makao makuu nayo yaweza kuambatanisha na kila kitabu cha somo orodha ya istilahi zake kwa Kiswahili. Kazi hiyo haihitaji jengo jipya. Yahitaji wataalamu wa lugha wakae meza moja na wanasheria, wahasibu na walimu wa sayansi kabla kitabu hakijachapwa.