Ukuta Usio na Milango: Istilahi na Ulinzi wa Seva ya Simu za Intaneti

Makala hii imetokana na kosa la tafsiri nililolifanya mwenyewe. Ofisi moja ya ushirika huko Kalamba, Makueni, iliweka seva ya simu za intaneti ili izungumze na tawi lake la Kitui bila kulipia kila simu. Niliombwa kutafsiri maelezo ya Kiingereza. Palipohitajika kufunguliwa milango michache, niliandika tu: "fungua ukuta wa moto." Karani akatii, akauzima ukuta wote siku ya Ijumaa. Kufikia Jumatatu salio lilikuwa limeliwa na simu za nchi za mbali ambazo hakuna mtu wa ofisi aliyezipiga.

Tuanze na jina. Katika ujenzi, ukuta huu huzuia moto usivuke kutoka jengo moja hadi jingine. Wapo wanaoilaumu istilahi "ukuta wa moto" kwamba yamaanisha ukuta unaowaka. Sikubaliani nao: "dawa ya mbu" haileti mbu, na a-unganifu hubeba maana ya kinga pia. Kasoro iko kwingine. Neno "ukuta" halimdokezei msomaji kwamba kazi hapa ni kuchagua, si kuziba. Boma la miiba lingefaa zaidi, maana boma lisilo na lango halimfai mfugaji.

Sasa seva. Wito wa simu, yaani nani anampigia nani, hubebwa na itifaki ya SIP, ambayo kwa kawaida hupitia mlango nambari 5060. Sauti husafiri kwa itifaki ya RTP kupitia milango mingine. Katika Asterisk, programu iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, mpangilio uliozoeleka ni 10000 hadi 20000. Ndiyo sababu mlango wa wito ukifunguliwa na ya sauti ikafungwa, simu hulia, hupokelewa, kisha kimya kitupu. Sauti ikisikika upande mmoja tu, mara nyingi chanzo ni kingine: seva iliyo nyuma ya ruta imeandika katika ujumbe wake anwani ya ndani ya ofisi, na sauti inatumwa mahali pasipofikika. Seva na iambiwe anwani yake ya nje. Kufungua milango zaidi hakusaidii, ingawa ndiko watu wanakokimbilia.

Mlango 5060 ukiachwa wazi kwa ulimwengu mzima, programu za wezi hujaribu nambari za ndani 100, 101, 102 kwa maneno ya siri mepesi hadi moja likubali. Kwa ofisi hii sheria zilitosha tatu: ruhusu anwani ya Kitui, ruhusu anwani ya kampuni inayounganisha simu, kataa wengine wote. Sheria hizi kwa kawaida husomwa kutoka juu, na ya kwanza inayolingana ndiyo hutekelezwa. Katazo likitangulia, hata Kitui itazuiwa. (Wanafonolojia watakumbuka kanuni zinazotegemea mfuatano.) Programu ya Fail2ban nayo hufungia nje anwani inayokosea neno la siri mara kadhaa, na simu za kimataifa zisizohitajika huzimwa kwenye seva yenyewe.

Niliandika upya: "Katika ukuta, fungua mlango 5060 na milango 10000 hadi 20000 kwa anwani hizi mbili pekee." Karani aliuliza kwa nini milango ya sauti ni mingi hivyo. Nilimweleza kwamba kila mazungumzo huhitaji milango yake. Ofisi ina simu kumi; tukaishia 10100, kwenye ukuta na kwenye seva pia.