Ma-DJ wa Ngana na nyimbo za kunakili: Kununua wimbo si kununua haki ya kuudurufu

MAVUNO ya mpunga yanapomalizika katika Wilaya ya Kyela, fedha huanza kuzunguka vijijini na shughuli nazo huongezeka. Harusi, kipaimara, uzinduzi wa kwaya na mikesha ya burudani hupangwa moja baada ya nyingine. Katika kata ya Ngana, jirani na Mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi, shughuli ya namna hiyo haikamiliki bila spika mbili kubwa, jenereta na kijana mwenye laptopu iliyosheheni nyimbo.

Kazi hiyo ya u-DJ imekuwa ajira ya kweli kwa vijana wasio na shamba la kakao wala michikichi ya kurithi. Tatizo ni kwamba wengi wao wamewekeza mtaji katika vyombo, lakini malighafi kuu ya biashara yao, yaani nyimbo, wanaitumia bila kujua sheria inasema nini. Wapo wanaoamini kwamba ukishanunua santuri ya CD au kulipia wimbo kwenye intaneti, wimbo ni wako na unaweza kuunakili utakavyo. Imani hiyo si sahihi, na inaweza kumgharimu mtu mtaji wote.

Somo kutoka kwenye mbegu

Mkulima wa Kyela anaweza kulielewa jambo hili kwa haraka kuliko mtu wa mjini. Akinunua mfuko wa mbegu bora, mbegu ile ni mali yake. Anaweza kuipanda, kuvuna, kula na kuuza mavuno. Lakini Sheria ya mwaka 2012 ya kulinda wagunduzi wa aina mpya za mimea haimpi ruhusa ya kuizalisha aina iliyosajiliwa na kuiuza kama mbegu kwa wengine bila idhini ya mwenye haki. Alichonunua ni mbegu, hakununua haki ya mgunduzi.

Wimbo nao una sehemu mbili. Ipo nakala, ambayo unaweza kuishika mkononi au kuihifadhi kwenye kompyuta, na ipo haki iliyomo ndani yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, haki za kiuchumi za kudurufu kazi, kuisambaza, kuikodisha, kuitangaza na kuionyesha hadharani ni za mwenye kazi. Ulinzi huo huanza pale kazi inapotengenezwa, bila kulazimika kusajiliwa kwanza, na kwa mtunzi hudumu uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa.

Sheria hiyo inatoa nafuu kwa mtu anayenakili kazi iliyokwisha kutolewa kwa ajili ya matumizi yake binafsi. Baba aliyenunua CD ya kwaya na kuihamishia kwenye simu yake ili asikilize akiwa shambani hana kosa. Lakini DJ anayehamisha CD ileile kwenye laptopu ili aipige kwenye harusi kwa malipo hawezi kujificha chini ya mwavuli wa matumizi binafsi. Hiyo ni biashara, na kwa biashara sheria inataka idhini ya mwenye haki.

Karatasi tatu tofauti

Mkanganyiko mwingine unatokana na vibali. Wapo wanaodhani kwamba mwenye kibali kimoja amemaliza yote. Kwa hakika kila karatasi ina kazi yake.

Ya kwanza ni leseni ya biashara ya halmashauri, ambayo inahusu kufanya biashara. Ya pili ni usajili na vibali vya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, ambavyo vinahusu shughuli ya sanaa na burudani. Ya tatu ni leseni ya kutumia muziki wenyewe, ambayo inahusu malipo kwa watunzi, waimbaji na watayarishaji. Karatasi mbili za kwanza hazifanyi kazi ya hii ya tatu.

Hata hii ya tatu ina mipaka. Kanuni za mwaka 2003 ziliweka utaratibu wa leseni za maonyesho ya hadhara na utangazaji. Mwenye ukumbi aliyelipia leseni hiyo amelipia muziki kusikika mbele ya wateja wake. Hajamlipia DJ haki ya kunakili nyimbo, kwa sababu kupiga hadharani na kudurufu ni haki mbili zinazotajwa kila moja kwa jina lake. DJ mwenye leseni mkononi hana budi kusoma imeruhusu kitu gani: kupiga, kunakili, au vyote viwili.

Kwa miaka mingi anayetaka leseni alielekezwa COSOTA, chombo kilichoundwa na sheria hiyohiyo ya 1999. Mabadiliko ya mwaka 2022 yaliifanya COSOTA kuwa Ofisi ya Hakimiliki yenye jukumu la usimamizi, na kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha ikafunguliwa kwa taasisi zinazopewa leseni. Katika muziki, taasisi ya namna hiyo ni TAMRISO. Anayekwenda kulipa hana budi kuhakikisha analipa kwa chombo kinachotambuliwa na kupewa stakabadhi, wala si kwa mtu anayepita ukumbini usiku akidai fedha.

Mwaka 2023 ilikuja pia tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kunakili na kuhifadhi kazi. Isije ikadhaniwa kwamba aliyenunua flashi yenye tozo amenunua ruhusa ya kuijaza nyimbo na kuiuza. Tozo ya aina hii, popote inapotumika duniani, hulenga kufidia wasanii kwa nakala nyingi za majumbani ambazo haiwezekani kuzifuatilia moja moja.

Hesabu inayosahaulika

Tuchukue mfano wa kubuni. DJ anatoza Sh150,000 kwa harusi moja. Anatumia Sh20,000 kwa mafuta ya jenereta, Sh30,000 kwa usafiri wa vyombo na Sh20,000 kwa msaidizi. Anabakiwa na Sh80,000. Katika hesabu hiyo msaidizi amelipwa, dereva amelipwa, mwenye petroli amelipwa. Aliyetunga wimbo uliowainua watu vitini hayumo kwenye orodha.

Sasa tuseme leseni ya mwaka ingekuwa Sh120,000, na DJ huyo anafanya shughuli 40 kwa mwaka. Gharama hiyo ni Sh3,000 kwa kila shughuli, pungufu ya mafuta anayomwaga kwenye jenereta. Viwango halisi vitatofautiana, lakini namna ya kukokotoa ni hiyohiyo. Gharama inayoonekana kubwa ikitamkwa kwa mkupuo huwa ndogo ikigawanywa kwa kazi zote.

Upande wa pili ni biashara ya kujaza nyimbo kwenye kadi za memori na flashi. Mteja akilipa Sh2,000 kujaziwa nyimbo 200, kila wimbo umeuzwa kwa Sh10. Mwimbaji wa Kyela aliyeuza magunia ya mpunga ili alipie studio hapati hata senti moja ya hiyo Sh10. Mwaka unaofuata hana fedha ya kurekodi tena, na DJ naye anakosa wimbo mpya wa kupiga. Hii ndiyo sehemu yenye hatari kubwa kisheria, kwa kuwa kudurufu na kuuza kwa faida bila idhini ni kosa la jinai linaloweza kuleta faini, kifungo au vyote viwili.

Nyimbo za ng'ambo ya Songwe

Kwa Ngana lipo jambo la ziada. Nyimbo za Malawi hupendwa upande huu, na za Tanzania hupendwa upande ule. Mpaka hauondoi haki. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, na Malawi nayo ni mwanachama, hivyo mtunzi wa Karonga analindwa Kyela kama anavyolindwa mtunzi wa Kyela. Malawi ina chombo chake, COSOMA, na sheria yake ya sasa ni ya mwaka 2016. DJ anayetegemea nyimbo za huko aulize mapema kama leseni anayopewa inahusu kazi za nje.

Ngoma za asili, kama ing'oma ya Wanyakyusa, nazo zina kifungu chake. Kuzicheza msibani au kwenye sherehe za jadi hakuhitaji kibali. Kuzirekodi na kuziuza nje ya mazingira yake ya asili ni jambo linalohitaji idhini ya BASATA.

Wenzetu wamefanyaje? Nchini Uingereza, Oktoba 2014 iliruhusiwa mtu kunakili muziki alioununua kwa matumizi yake mwenyewe, lakini Julai 2015 Mahakama Kuu ikaitengua ruhusa hiyo. Hata ilipokuwapo haikuwagusa ma-DJ wa biashara. Wao huwa na leseni yao, ijulikanayo kama ProDub, inayowaruhusu kuhamisha nyimbo walizopata kihalali kwenye vyombo vyao vya kazi.

Nini kifanyike

Zamani uhalali ulionekana kwa macho. Kanuni za mwaka 2006 zilileta stika ya hakigramu, na mwaka 2013 zikaja stempu za kodi kwenye CD na DVD. Faili iliyomo kwenye flashi haina stika, kwa hiyo ushahidi wa DJ ni kumbukumbu zake. Atunze risiti na CD halisi, aandike orodha ya nyimbo na mahali alipozipata, na asichanganye faili za kazi na zile alizopewa na marafiki.

Pili, ma-DJ wa kata jirani waungane. Wakulima wa kakao wamejifunza kupitia vyama vyao vya msingi kwamba mmoja akienda sokoni hupangiwa bei, lakini wengi wakienda pamoja husikilizwa. Kikundi kinaweza kuandika barua moja, kuomba maelezo kwa maandishi kuhusu haki ya kunakili, na kujadili malipo yanayolingana na kipato cha kijijini badala ya kile cha kumbi za Dar es Salaam.

Tatu, katika makubaliano na mwenye shughuli iandikwe nani analipia leseni ya muziki. Jambo hilo likiachwa hewani, mzozo hutokea vyombo vikiwa tayari vimeshikiliwa na wageni wanasubiri keki.

Na nyimbo za waimbaji wa hapahapa zisisubiri ofisi ya mbali. DJ na mwimbaji wanaoishi kijiji kimoja wanaweza kuandikiana kibali cha ukurasa mmoja chenye jina la wimbo, matumizi yanayoruhusiwa, muda na malipo. Karatasi hiyo humpa DJ amani ya kufanya kazi, na mwimbaji hupata sehemu ya fedha ya mavuno inayopita mbele ya macho yake kila msimu.