Kliniki Isiyotazama Kinywani

Siku ya kliniki mtoto hukaguliwa karibu kila kitu. Hutundikwa kwenye mzani akapiga yowe, uzito ukaandikwa kwenye kadi, chanjo ikachomwa pajani. Kinywa hupitwa. Kitakuja kufunguliwa siku mtoto atakapokataa kula, na hapo jino limeshatoboka.

Kumngoja daktari wa meno ni kumngoja mtu ambaye kwa wengi hayupo. Kati ya 2014 na 2019, Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ilikuwa na madaktari wa meno 3.3 kwa kila watu 100,000, kama sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Anayekutana na jino bovu kwanza ni muuguzi wa zahanati, tabibu, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ndiyo maana mkakati wa WHO wa afya ya kinywa, uliopitishwa 2022, unataka huduma hii iingie katika afya ya msingi. Hakuna anayemtaka muuguzi azibe meno. Ajue tu cha kutazama, na nani apewe rufaa leo hii.

Somo la kwanza halihitaji mashine. Mama na muuguzi wanakaa wakitazamana, magoti yakigusana. Mtoto anapakatwa na mama, kisha analazwa chali, kichwa kikitua mapajani mwa muuguzi. Kidole kinainua mdomo wa juu. Mstari mweupe kama chaki kwenye meno ya mbele, pale yanapokutana na ufizi, ni dalili kwamba asidi ya bakteria wanaokula sukari imeanza kuyamung'unya. Hapo bado pana nafasi: dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele, na mtoto asipewe tena chupa ya maziwa yenye sukari usiku. Mwenye madoa ya kahawia na matundu, huyo ni wa rufaa.

Kidole ufizini kina kazi nyingine Tanzania. Mtoto wa miezi michache akiharisha na kupata homa, bibi hupapasa ufizi, akakuta uvimbe mweupe. "Meno ya nailoni," atasema, na mtoto atapelekwa kwa mganga ayakwangue. Kinachong'olewa ni chonge changa, jino ambalo lingechomoza lenyewe mtoto akikaribia mwaka na nusu. Damu humwagika, pepopunda huweza kuingia, na homa iliyoletwa na malaria au nimonia inabaki palepale bila dawa. Muuguzi naye katoka katika jamii hiyohiyo. Asipofundishwa, atamjibu nini bibi?

Kwa watu wazima kosa la kawaida ni jingine. Jino linauma, mgonjwa anapewa amoksilini na panadoli, anaondoka ameridhika. Kiini cha jino kikishakufa hakipitishi damu, kwa hiyo dawa haikifikii. Maumivu yatatulia, kisha yatarudi. Dawa yake ni kulitibu jino lenyewe kwa ndani au kuling'oa. Taya likivimba hadi chini ya kidevu, mdomo ukagoma kufunguka na kumeza kukawa shida, asipewe miadi ya wiki ijayo: uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili nacho kichunguzwe, kwa kuwa kinaweza kuwa saratani.

Halafu kuna noma, ambayo WHO iliiingiza Desemba 2023 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6 wenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua. Huanza na ufizi unaotoka damu na kunuka, kisha hula shavu zima. Bila tiba, hadi watoto 90 kati ya 100 hufa. Ikigunduliwa ingali kwenye ufizi, antibiotiki, usafi wa kinywa na lishe huizuia, na vyote hivyo huweza kuanzia zahanati.